Inchi Mbili

Kila mwaka, fainali ya Koo la Dhahabu ikifika,
watu wa ploti yetu hutega masikio.
Mimi hutega macho.
Miaka ishirini na saba nikikanyaga cherehani
hapa Umoja, kona ya Mutindwa,
nimejua kwamba sauti ikikwama husamehewa,
lakini pindo likifumuka mbele ya taifa
litazungumzwa mpaka Pasaka.

Mwaka huu nina gauni mle ndani.
Rangi ya zambarau mbivu, kitambaa cha Isili,
mita nne na robo; ile robo muuzaji aliikata
kwa hasira, nilivyombana bei.
Nthenya alilipa nusu.
Nusu ya pili, alisema, ni akishinda.
Nikamwambia fundi hali wimbo.
Akacheka, pini zikamchoma, akacheka tena.

Tumeketi kwa Gakuru,
mwenye televisheni pana kuliko kitanda chake,
watu kumi na tisa na mtoto mmoja chini ya meza.
Mzee Lihanda, aliyeapa mwaka jana
kwamba haya mashindano ni wizi wenye muziki,
leo anazunguka na simu: “Saba! Tumeni namba saba!”
Mama Shiundu ametuma mara thelathini
kwa simu ya mumewe.
Mume yuko zamu ya usiku Viwandani, simu kaiacha kwa chaji.
Atajua kesho.
Watu wasiopatana kuhusu maji, wala taka, wala Mungu,
wamepatana kuhusu namba saba.

Halafu anatoka.
Naangalia kwapa la kushoto. Limeshika.
Kiuno. Kimeshika.
Anavuta ile pumzi,
ile niliyompimia kwa futi nikimwambia vuta,
vuta tena, usinionee haya,
kisha nikamwachia inchi mbili zaidi mbavuni
bila kumwambia,
kwa sababu mwimbaji hapimwi akiwa kimya.

Wimbo wenyewe sikuusikia. Naapa.
Nilikuwa nahesabu meno ya zipu.
Wenzangu walipoanza kulia
nilidhani imefumuka.

Majaji wakasema yao,
mmoja kwa maneno ya kamusi, mmoja kwa leso.
Gauni halikutajwa.
Nikashusha pumzi.
Mtangazaji akafungua bahasha taratibu,
kama mtu na bili ya hospitali,
akasema, “Na mshindi wetu...”

Stima ikapotea.

Yowe. Mtoto akagonga kichwa mezani.
Tukakimbilia simu,
na simu zote hazina salio:
lote lilikwenda kwa namba saba.

Basi tukatoka kwenye roshani, gizani,
tukasikiliza ng'ambo ya barabara
ambako taa bado zinawaka.
Kukatoka kelele. Kubwa.
“Hiyo ni furaha,” Gakuru akasema.
“Hiyo ni hasira,” akasema Lihanda. “Nazijua zote mbili.”
Tukabishania kelele za watu wengine
mpaka saa sita kasoro, stima iliporudi
na tangazo la sabuni.

Jumatatu Nthenya alikuja na mfuko wa kaki.
Nafasi ya pili.
Akaweka noti mezani, nusu yote, zimekunjwa ndogo ndogo,
akaomba nilipunguze gauni,
ana harusi ya binamu Kitui.
Nikalipindua nitafute mshono.
Pale mbavuni, pamoja na zile inchi mbili,
nyuzi tatu zilikuwa zimekatika.

Nikaziangalia kwa muda.
Nikamsogezea kigoda, nikazima cherehani,
nikatema pini zote kwenye kisahani.
“Hesabu ya pesa baadaye,” nikamwambia.
“Kwanza imba. Mimi bado sijausikia.”